Swali la Kumi na Nne

Mwalimu wetu wa Kiswahili hakupokea jibu lisilo na sentensi. Ukisimama ukataja neno peke yake, hata likiwa lenyewe kabisa, alikuangalia kama mtu aliyeletewa chai bila kikombe, kisha akauliza, "Jibu nimelisikia. Sentensi iko wapi?" Nimepita kwa walimu wengi baada yake, na sasa mimi mwenyewe nashika chaki, lakini swali lile halijaniacha. Mume wangu akiniambia "hapana" kavu kavu, ulimi unaniwasha kumuuliza sentensi iko wapi.

Jina lake silitaji. Wapo wanaomfahamu hapa Mtwara, na yeye si mtu wa kupenda kutajwa. Nitamwita mwalimu, kama tulivyomwita.

Somo alilolipenda kuliko yote ni jozi za maneno. Aliandika ubaoni maneno mawili, akaweka nukta mbili katikati, akaandika la tatu, la nne akaliacha wazi. Jembe : mkulima. Sindano : na hapo mstari mtupu. Sisi watoto wa Ziwani, kijiji chetu, tulikuwa na pupa. Tulipiga kelele kwa pamoja, huyu uzi, yule nguo, mwingine cherehani, na mmoja nyuma kabisa alisema hospitali. Yeye alisubiri mpaka makelele yaishe.

"Maneno mawili hayakai pamoja bure," alisema. "Kuna kitu kimeyakutanisha. Nitajieni kwanza hicho kitu."

Mkulima hufanya kazi kwa jembe. Hiyo ndiyo sentensi. Unaichukua kama ilivyo, huongezi kitu, hupunguzi kitu, unaihamishia upande wa pili: nani hufanya kazi kwa sindano? Uzi unaanguka wenyewe, nguo nayo inaanguka, anabaki fundi. "Uzi na sindano wanajuana sana, nani amekataa?" alituambia. "Lakini hatukuulizwa nani anajuana na nani. Tumeulizwa wanajuana vipi."

Alikuwa mkali juu ya mpangilio. Ukipewa kifaranga : kuku, huwezi kujibu ng'ombe : ndama, kwa sababu mdogo alitangulia na wewe umemtanguliza mkubwa. Kosa hilo aliliita kuvaa shati nyuma mbele. Asubuhi moja akaja amevaa sweta ndani nje, mishono yote inaonekana, na msichana mmoja akamwambia kwa heshima zote, "Shikamoo mwalimu, leo umegeuza." Alijitazama, akacheka mpaka akatoa kitambaa kufuta macho. Alikuwa akivaa sweta Mtwara, nalo hilo ni la kushangaza. Alitoka bara, kwenye baridi, na nadhani aliona akilivua atakuwa amekubali kwamba hatarudi.

Mabibo, matunda ya mkorosho, aliyaona mara ya kwanza kwetu. Alipewa moja la manjano, limeiva, akaling'ata kama mtu anavyong'ata embe, na maji yote yakamwagikia shati jeupe. Hakuna aliyemwonya kwamba doa la bibo halitoki. Alilifua, akalianika, akalifua tena, mwisho akalivaa hivyo hivyo miaka na miaka, doa la kahawia kifuani. Akalifanyia jozi: bibo : shati jeupe, uongo : na mstari mtupu. Tulitafuta wiki nzima. Jibu alilolipokea lilikuwa la Somoe.

"Bibo huacha doa katika shati jeupe," Somoe alisema amesimama. "Uongo huacha doa katika jina la mtu. Jibu ni jina."

"Vema," mwalimu alisema. Alilisema neno hilo mara chache sana, na alilisema taratibu, kama anayekukabidhi kitu mkononi.

Somoe nilikaa naye dawati moja tangu darasa la tatu. Alikuwa na kovu mkono wa kushoto, juu kidogo ya kifundo. Siku moja nyumbani kwao walikuwa wanachoma korosho, na mafuta ya ganda yakamrukia. Alitembea haraka na kufikiri haraka. Njiani kwenda shule alinitungia jozi, na mimi nisipojibu alinijibia mwenyewe, halafu akanitetea darasani nilipokwama. Sisemi haya kwa kuwa hayupo. Alikuwa na akili kunizidi, kila mtu alijua, na mimi nilijua kuliko wote.

Mwalimu alikuwa na mambo yake. Alitembea na mwavuli kiangazi chote, akauacha ukutani masika yalipoanza, akisema mvua ya kwetu haina ubaya. Hakula pweza. Aliishi karibu na bahari zaidi ya nusu ya umri wake na sijamwona akiingiza hata mguu. Tulipopelekwa Mnazi Bay kutembea, yeye alibaki mchangani na viatu vyake na soksi zake, akituhesabu kila tulipoibuka. Lakini ming'oko aliipenda, vile viazi vya porini vinavyochimbwa kwa taabu, na wakati wa njaa mama zetu walipotuma michache kwa mwalimu aliipokea kwa mikono miwili na kuila mbele yetu, ili turudi nyumbani tukaseme amekula. Ijumaa alitufungulia mapema watoto wa Kiislamu, akasimama getini kuhakikisha tunaelekea msikitini kweli. Mwezi wa Ramadhani alikunywa maji yake nyuma ya stoo, kwa kujificha, mtu mzima na kichwa chake.

Na alikuwa na sheria ya karatasi. Karatasi ya mtihani ikishasahihishwa hailali shuleni. Aliita jina, ukaitika, ukaja kuipokea. Asiyekuwepo, mwenzake wa dawati husimama na kusema, "Hayupo, mwalimu." Hapo aliuliza swali moja tu, siku zote hilo hilo: "Kwao unapajua?" Ukisema napajua, unapewa karatasi ya mwenzako, na ni lazima uifikishe siku hiyo hiyo, iwe ana homa, iwe yuko msibani, iwe yuko shambani na bibi yake. Alisema mtoto ana haki ya kujua alikosea wapi kabla hajalala.

Nimechelewa kufika kwenye jambo lenyewe kwa sababu linaniuma.

Tulikuwa darasa la saba. Mwalimu alitutungia jaribio la maswali ishirini ya jozi, kutuandaa kwa mtihani wa taifa. Swali la kumi na nne lilikuwa hivi: mwalimu mkuu : shule, kisha mstari mtupu : familia. Majibu ya kuchagua yalikuwa mtoto, baba, mjomba, jirani.

Sasa, asiyekulia kwetu ataona swali la bure. Naye alilitunga hivyo, la kutupumzisha katikati. Lakini Ziwani, kwa familia nyingi za Kimakonde na Kimakua, mtoto ni wa upande wa mama. Baba anakulisha, anakupenda, anakubeba mabegani. Ila ukitaka kuolewa, kuchezwa unyago, kusafirishwa, kusomeshwa mbali, huulizwa mjomba, kaka yake mama. Siku hizi mambo yamechanganyika na wapo akina baba wenye sauti zao. Kwa kina Somoe hayakuwa yamechanganyika hata kidogo.

Mimi niliandika baba. Nililijua jibu la nyumbani kwetu, lakini niliikumbuka picha ya kitabuni, baba amekaa kwenye kiti anasoma gazeti na wengine wote wamesimama. Nikajua mwalimu anataka nini. Nikampa anachotaka.

Somoe alitunga sentensi. Aliiandika pembeni ya swali kwa penseli, kama tulivyofundishwa: Mwalimu mkuu ndiye mwenye kauli ya mwisho shuleni. Akaihamishia upande wa pili, hakuongeza kitu, hakupunguza kitu, akaandika mjomba.

Nusu ya darasa walikosa. Mwalimu alikasirika, akatuambia tunamwaibisha kwa swali la mtoto wa darasa la pili. Somoe akasimama.

"Mwalimu, mie nimetunga sentensi."

"Nimeiona. Sentensi yako nzuri. Jibu lako si sahihi. Keti."

"Lakini mwalimu, nyumbani..."

"Keti, Somoe."

Aliketi. Karatasi yake ilikuwa na kumi na tisa kati ya ishirini. Yangu ilikuwa na kumi na tano, na kwenye kumi na nne kulikuwa na vema nyekundu, kubwa, ya wino mwingi. Kengele ilipogonga, kila mtu aliondoka na karatasi yake. Somoe aliiacha yake juu ya meza ya mwalimu, kifudifudi, akatoka bila kunisubiri.

Matokeo ya taifa yalipotoka, wasichana wawili wa shule yetu tulichaguliwa kwenda sekondari ya bweni, Somoe na mimi. Mwalimu alifurahi mpaka akasahau mwavuli ofisini. Alikuja kwetu, akakuta baba na mjomba wangu wamekaa pamoja kwa bahati tu, wanarekebisha paa. Alizungumza na baba, mjomba akasikia, akaridhika. Hivyo ndivyo nilivyosoma mimi. Paa lilikuwa linavuja.

Kutoka kwetu akaenda kwa kina Somoe. Alimkuta baba yake, akamsomea barua uani, mbele ya majirani, kwa sauti. Baba yake Somoe alikuwa mpole, na mgeni ni mgeni. Angeanzaje kumwambia mwalimu wa mtoto wake, mbele ya watu, kwamba katika jambo hili yeye si wa kuulizwa? Alishukuru. Alisema, "Ntoto akisoma, mwalimu, nani atakataa?" Akamfungia jogoo. Mwalimu akasafiri kwao bara kwa likizo akiwa na furaha.

Mjomba wake Somoe alikuwa analima ng'ambo ya Ruvuma, upande wa pili wa mpaka, kwa ndugu. Habari ilimfikia kwa wapita njia: mtoto wako anapelekwa shule ya mbali, barua imesomwa, jogoo ametolewa, watu wamepiga makofi. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo na bado namlaumu. Aliona amefutwa. Alivuka mto, akaja, hakugomba na mtu, akala chakula, akasema Somoe anakwenda naye kumsaidia mkewe anayeumwa. Na kweli mkewe alikuwa anaumwa. Kesho yake asubuhi waliondoka. Nilikuwa kisimani. Somoe aliponipita alisema, "Nikirudi utanionyesha madaftari yako." Nikamwambia sawa.

Mwalimu aliporudi Januari alikuja kwetu kwanza, akaniomba nimpeleke kwa mama yake Somoe. Tulimkuta anamenya mihogo. Hakuinuka.

"Mwalimu, wewe ulikwenda kwa nani?" mama alimuuliza.

"Kwa baba yake."

"Ungekwenda kwa kaka yangu. Yule ndiye mwenye kauli."

Mwalimu alisimama pale chini ya kibaraza, mwavuli bado ameufungua ingawa alikuwa kivulini. Alimwomba arudie. Mama akarudia. Niliona uso wa mwalimu unavyotembea kutoka kwenye neno moja kwenda jingine, kama alivyotufundisha sisi, mpaka akafika.

"Swali la kumi na nne," akasema.

Mama hakuelewa. Mimi nilielewa, na nikaangalia maganda ya mihogo.

Mtu yule asiyeingiza mguu majini alivuka Ruvuma kwa mtumbwi wiki ile ile. Alinisimulia mwenyewe baadaye. Alikaa chini kabisa amefumba macho, amekumbatia mwavuli, na wapiga kasia wakamcheka hadi ng'ambo. Alimpata mjomba shambani.

"Nimekuja kuomba radhi," alimwambia.

"Radhi nimetoa," mjomba alijibu. "Ungekuja kwangu mwanzo, mwalimu, ningempeleka shule kwa mikono yangu, na ningetafuta ntu mwingine wa kuntazama nke wangu. Sasa ntoto ameshaposwa. Neno nimeshalitoa, siwezi kulila."

Somoe alimletea maji ya kunywa. Alipiga goti, akamwamkia, akasimama pembeni kusubiri kikombe, kovu lake mkononi. Mwalimu alikunywa maji yote polepole ili asilazimike kukirudisha upesi. "Niliwadai ninyi sentensi miaka yote," aliniambia. "Siku ile mimi sikuwa nayo hata moja." Alirudisha kikombe, akarudi mtoni.

Baada ya hapo alibadilika kwa namna iliyochekesha watu, kwa kuwa hawakujua chanzo chake. Alipoingia nyumba yoyote, kabla hajaketi, aliuliza, "Hapa mwenye kauli ni nani?" Wahuni wakamgeuza utani, wakimwona kwa mbali wanapaza sauti, "Mwalimu, mwenye kauli yupo!" Alipunga mkono tu. Kila jozi aliyotunga alianza kuipitisha kwa wazee wawili wa kijiji, mmoja mwanamke. Alipopewa uhamisho wa kurudi kwao bara, alioungoja kwa miaka, aliukataa. Mwalimu mkuu alimuuliza sababu. Alisema ana karatasi ya mtoto hajaifikisha.

Alistaafu, akapanga chumba Ufukoni, mjini. Kisha mambo yakaharibika ng'ambo ya Ruvuma, na watu wakaanza kuvuka kuja kwetu na vifurushi vichwani, wengine bila hata vifurushi. Mwalimu alikwenda mtoni. Alikwenda wiki baada ya wiki, mzee na mwavuli, akisimama pale watu wanaposhukia, akiuliza wanawake: msichana, sasa ni mwanamke, kovu la korosho mkono wa kushoto, anaitwa Somoe. Wengi waliitwa Somoe. Wenye kovu la korosho nao hawakuwa haba. Mmoja mmoja alimwonyesha mkono, na hakuwa yeye.

Mjomba alivuka, amekonda, peke yake. Alisema walishambuliwa alfajiri na kila mtu alikimbilia upande wake. Yeye mara ya mwisho alimwona Somoe anaingia porini na mtoto mgongoni. Zaidi ya hapo hakuwa na habari, na hatujapata habari mpaka leo. Mama yake hajaweka matanga. Atamwekeaje matanga mtu ambaye hajaambiwa amekufa?

Mwezi uliopita nilikwenda Ufukoni kumsalimia mwalimu, baada ya alasiri. Nilimkuta ameketi kitandani na sweta lake. Macho yameingia ukungu, ananitambua kwa sauti. Nilimpelekea ming'oko ya kuchemsha. Akala miwili, kwa heshima, akasukuma sahani.

"Chini ya godoro, upande wa ukutani," akasema. "Toa."

Ilikuwa karatasi ya Somoe, imekunjwa mara nne, mikunjo imeanza kuachana. Aliniambia nisome swali la kumi na nne. Nilisoma. Aliniambia nisome na ile sentensi ya penseli. Ilikuwa imefifia, lakini niliijua kwa moyo.

"Wewe uliandika nini?" akauliza.

Miaka yote ile hakuwahi kuniuliza. "Niliandika baba, mwalimu."

"Ulikuwa hujui?"

"Nilijua."

Nje watoto walikuwa wanacheza rede, wanagombana nani ameguswa na mpira. "Na nikakupa vema," akasema.

"Ndiyo, mwalimu."

Nilingoja anikasirikie. Nilitaka anikasirikie. Badala yake alipapasa mfuko wa shati akatoa kalamu nyekundu. "Mimi sioni. Wewe ni mwalimu. Sahihisha."

Nililifuta lile kosa kwa mstari mmoja, nikaweka vema pembeni yake. Vema haikukaa vizuri. Juu, pale palipoandikwa kumi na tisa, nikaandika ishirini. Nikamwambia nimemaliza. Akanyoosha kiganja, nikamwekea karatasi, akaishika mbele yake kama alivyokuwa akizishika zamani mbele ya darasa.

"Somoe," akaita.

Aliita kwa sauti ile ile, ya kufika madawati ya nyuma. Chumba kilikuwa kidogo. Akangoja, kichwa amekiinamisha kidogo, anasikiliza. Mwenzake wa dawati nilikuwa mimi, hakuna mwingine. Nikasimama.

"Hayupo, mwalimu."

"Kwao unapajua?"

Jibu alilolizoea nililijua. Kwa miaka yote ya shule sikuwahi kumpa jingine. Lilikuwa neno moja, na lingemlaza mzee usingizi.

"Sipajui, mwalimu," nikasema.

"Vema," akasema, taratibu, na akaninyooshea karatasi. Niliipokea kwa mikono miwili. Yeye hakuiachia, na mimi sikuivuta.